Thamani ya Nyumba Yako Texas Inapingika

Kati ya Aprili na mwanzoni mwa Mei, wenye nyumba wa Texas hupokea notisi kutoka ofisi ya tathmini ya kaunti yao. Imejaa maandishi madogo, lakini la kuangalia kwanza ni moja: thamani ambayo ofisi imeipa nyumba yako kwa tarehe ya Januari 1. Wengi wetu tuliotoka Mombasa, Dar es Salaam, Bukavu au Bujumbura huisoma, tukaguna, tukaitia kwenye droo. Ikifika Januari tunalipa, au benki inatulipia kisha inapandisha malipo ya kila mwezi, nasi tunabaki kulaumu benki.

Mzee mmoja wa Bukavu anayeishi Houston aliniambia, nilipomuuliza kwa nini hajawahi kupinga: "Mwanangu, serikali ikishaandika, imeandika." Namwelewa kabisa. Tanzania kodi ya majengo ni kiwango maalumu kinachokatwa kidogo kidogo unaponunua umeme wa LUKU, kwa hiyo hakuna thamani ya kubishania. Kenya, rates za kaunti zimezoeleka kutozwa kwa thamani ya kiwanja, na daftari la tathmini linaweza kukaa miongo bila kuguswa. La Nairobi lililotumika muda mrefu lilikuwa la miaka ya 1980. Mtu aliyekulia katika mipango hiyo hana sababu ya kujua kwamba Texas thamani hupangwa upya mara kwa mara, na kwamba sheria yenyewe imeweka fomu, tarehe na bodi kwa ajili ya mwenye nyumba anayesema, "Hapana, mmekosea." Kupinga si utovu wa adabu. Ni sehemu ya utaratibu, na wenyeji wanaitumia kila mwaka.

Wanaitumia kwa sababu kodi yenyewe ni nzito. Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, na katiba yake inalikataza jimbo kutoza kodi ya majengo. Mzigo wa shule, kaunti, miji, na zile wilaya za maji za vitongojini ambazo watu huziita MUD, unaangukia kwa kiasi kikubwa nyumba na ardhi. Kiwango huandikwa kwa kila dola 100 za thamani. Tuchukue jumla ya dola 2.10, ambayo si ajabu katika vitongoji vya Houston: nyumba ya dola 320,000, kabla ya nafuu yoyote, inadaiwa dola 6,720 kwa mwaka.

Hiyo thamani ya 320,000 imetoka wapi? Si kwa mtu aliyeingia sebuleni kwako. Ofisi ya Kaunti ya Harris, Harris Central Appraisal District, ina zaidi ya akaunti milioni moja na nusu za kuthamini. Hufanya hivyo kwa kompyuta, mtaa kwa mtaa, ikitumia ukubwa, umri wa nyumba, daraja la ujenzi na mauzo iliyoyapata. Kompyuta haijui kwamba msingi wako umepasuka kwa sababu udongo wa mfinyanzi wa Houston huvimba na kunywea. Haijui kwamba mabomba yaliyopasuka kwa baridi ya Februari 2021 yaliacha sakafu ambayo hujaibadilisha mpaka leo. Wewe ndiye unayejua, na usipoyasema hakuna atakayeyasema.

Kabla ya pingamizi lolote, hata hivyo, kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba anayenisoma alihakikishe wiki hii: msamaha wa homstedi. Huu ni wa nyumba unayoimiliki na kuishi ndani yake kama makazi yako makuu. Kwa kodi ya shule peke yake, wilaya ya shule inapaswa kuondoa dola 140,000 kwenye thamani kabla ya kupiga hesabu. Ilikuwa 100,000 tangu 2023, na wapiga kura wa Texas waliipandisha Novemba 2025, ikaanza kutumika kwa kodi ya mwaka huohuo wa 2025. Kama kiwango cha shule ni dola 1 kwa kila 100, mwenye nyumba ya 320,000 analipa shule dola 1,800 badala ya 3,200. Dola 1,400 kila mwaka, bila kubishana na mtu. Nimekaa na familia zilizoishi kwenye nyumba zao miaka bila kujaza fomu hii, na nilipowaonyesha hesabu walinyamaza.

Fomu ni namba 50-114. Inapelekwa ofisi ya tathmini ya kaunti yako, si ofisi inayopokea kodi, kabla ya Mei. Haina malipo hata senti. Ukipata barua yenye sura ya kiserikali inayokutaka ulipe ili "kusajiliwa" homstedi, hiyo ni biashara ya mtu. Utahitaji leseni ya udereva au kitambulisho cha Texas chenye anwani ya nyumba hiyohiyo, na hapa ndipo wengi hukwama: wamehama ila leseni bado ina anwani ya apatimenti ya zamani. Badilisha leseni kwanza. Ukiwa umechelewa, sheria inaruhusu kuomba hadi miaka miwili baada ya tarehe ambayo kodi ya mwaka husika ilihesabika kuwa imechelewa, na ulichozidisha kurudishwa. Usiseme yaliyopita yamepita.

Mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, au mwenye ulemavu unaotambuliwa na sheria, anaongezewa dola 60,000 kwenye upande wa shule, na kodi yake ya shule inafungwa: haiwezi kupanda juu ya kiasi cha mwaka aliostahili, isipokuwa akijenga nyongeza. Mjane au mgane aliyefikisha miaka 55 wakati mwenzi wake anafariki anaweza kuendelea na kifungo hicho. Sasa fikiria desturi yetu ya kuchanga na kununua nyumba kwa jina la kijana mwenye rekodi nzuri ya mkopo, halafu bibi ndiye anayekaa humo. Msamaha unamfuata mmiliki anayeishi ndani. Kama kijana ana homstedi yake Dallas, nyumba ya bibi inatozwa kama ya kupangisha, na miaka 72 ya bibi haihesabiwi popote. Kabla ya kuandikisha hati, familia ikae iliongee hilo na wakili wa ardhi.

Tukirudi kwenye notisi, kwa mwenye homstedi ina thamani mbili, na kuzichanganya kumewapotezea watu muda mwingi. Ya kwanza ni thamani ya soko. Ya pili ni thamani yenye kikomo: kuanzia mwaka unaofuata ule wa kwanza wa homstedi, thamani ya kutozea kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, ukiacha nyongeza mpya za ujenzi. Tuseme mwaka jana ulitozwa kwa 260,000. Mwaka huu soko linasema 340,000, lakini kikomo ni 286,000, na hiyo ndiyo itakayotozwa. Ukienda ukabishana kwa ufundi wote, thamani ya soko ikashushwa hadi 315,000, umeshinda kwenye karatasi na hundi yako ya Januari haijapungua hata dola. Katika hali hiyo pingamizi linakusaidia tu ikiwa ushahidi wako unaweza kuivuta thamani chini ya 286,000. Angalia safu hizo mbili kabla ya kuomba ruhusa kazini.

Kwa hiyo wanaofaidika zaidi na pingamizi ni walionunua karibuni, ambao kikomo hakijaanza kuwalinda au thamani zao mbili zinalingana, na wenye nyumba za kupangisha, ambazo hazina homstedi kabisa. (Nyumba zisizo za homstedi zenye thamani ya hadi takriban dola milioni 5 zimewekewa kikomo cha asilimia 20 kwa miaka ya 2024 hadi 2026. Ni afueni, lakini asilimia 20 bado ni nyingi.)

Wanunuzi wa nyumba mpya kabisa wana tatizo lao. Ulipofunga mauzo Machi, nyumba yako ilikuwa kiwanja kitupu, au msingi na mbao, siku ya Januari 1. Kodi ya mwaka huo ilitozwa kwa kile kilichokuwapo siku hiyo, na benki ikapanga akiba ya kodi ndani ya malipo ya mwezi kwa hesabu hiyo ndogo. Mwaka wa pili nyumba nzima inaingia daftarini, bili inaruka mara kadhaa, na benki inadai pengo la mwaka uliopita pamoja na nyongeza ya mwaka ujao kwa mpigo. Nimeona malipo ya mwezi yakiongezeka kwa mamia ya dola, na baba wa familia akiamini ametapeliwa. Hapo kupinga thamani hakutoshi. Tangu siku ya kwanza, piga hesabu ya kodi kwa thamani ya nyumba iliyokamilika, weka tofauti pembeni, na jaza fomu ya homstedi mara unapohamia. Tangu 2022 mnunuzi anaweza kuomba mwaka uleule alionunua, mradi muuzaji hakuwa na msamaha huo mwaka huo.

Sasa pingamizi lenyewe. Siku ya mwisho ni Mei 15, au siku 30 baada ya kutumiwa notisi, ile inayokuja baadaye. Fomu ni 50-132, na kaunti kubwa zinapokea mtandaoni kwa namba iliyochapwa kwenye notisi. Hata barua ya kawaida inayotaja mwenye nyumba, nyumba yenyewe na kwamba hukubali thamani ni pingamizi halali. Pinga kwanza, ushahidi utaukusanya baadaye. Kwenye fomu kuna visanduku vya sababu. Weka alama kwenye viwili, kile cha thamani kuzidi bei ya soko, na kile cha thamani kutolingana na nyumba nyingine. Ukiweka kimoja tu, mlango wa pili unaweza kufungwa siku ya kusikilizwa, na mara nyingi huo wa pili ndio rahisi zaidi kuupita.

Wakati uleule, omba kwa maandishi ushahidi ambao ofisi itautumia dhidi yako. Sheria inawalazimu kukupatia angalau siku 14 kabla ya kusikilizwa, na wasichokupa baada ya wewe kuomba hawaruhusiwi kukitumia mbele ya bodi. Watu wanaliruka jambo hili, nami naliona ndilo lenye faida kubwa kuliko yote baada ya fomu. Ndani ya faili hilo utakuta nyumba walizokulinganisha nazo. Soma moja moja. Utakuta wamechukua nyumba iliyofanyiwa ukarabati wa jiko na bafu, au iliyo upande wa ziwa la mtaa, wakati ya kwako imegeuza mgongo kwenye barabara kuu. Utakuta pia maelezo ya nyumba yako mwenyewe. Hakikisha futi za mraba, idadi ya mabafu, mwaka wa ujenzi, kama kuna bwawa la kuogelea ambalo halipo. Kosa la vipimo ndilo pingamizi jepesi kuliko yote: unaleta mchoro au ripoti ya tathmini ya benki, wanarekebisha, mnaagana.

Kuhusu bei ya soko, kikwazo ni kwamba Texas haimlazimishi muuzaji wala mnunuzi kutangaza bei waliyouziana, kwa hiyo mauzo ya majirani huyaoni hadharani. Dalali aliyekuuzia ana mtambo wa kuyaona. Mwombe akuchapishie nyumba zilizouzwa mtaani mwenu karibu na Januari 1, zenye ukubwa na umri unaokaribiana na yako. Wengi hufanya hivyo bure kwa wateja wao. Na kama ulinunua mwaka uliopita kwa bei iliyo chini ya thamani ya notisi, karatasi za kufunga mauzo ni ushahidi wenye nguvu sana. Ziweke juu ya faili.

Halafu hali ya nyumba. Piga picha zenye tarehe za ufa, paa, madoa ya maji, madirisha yaliyochoka. Lakini picha bila bei ni masikitiko tu. Mwite fundi wa misingi au wa paa akuandikie makadirio kwenye karatasi yenye jina la kampuni yake, kwa sababu mbele ya bodi "msingi umepasuka" haina uzito, ilhali "msingi umepasuka na kuutengeneza ni dola 18,500 kwa makadirio haya" ina uzito. Kumbuka tu kwamba inatazamwa hali ya Januari 1. Paa lililong'olewa na upepo wa Machi ni hoja ya mwaka kesho.

Hoja ya kutolingana ndiyo ninayowashauri wengi waitegemee, maana ushahidi wake wote uko wazi kwenye tovuti ya ofisi ya tathmini. Sheria inasema thamani yako isizidi thamani ya katikati ya idadi ya kutosha ya nyumba zinazofanana na yako, baada ya kurekebisha tofauti. Chukua nyumba saba za mtaa mmoja na wewe, zilizojengwa miaka inayokaribiana, za ghorofa sawa, ukubwa usiopishana sana. Gawa thamani ya soko ya kila moja kwa futi zake za mraba. Tuseme unapata dola 149, 151, 153, 155, 158, 160 na 166. Ya katikati ni 155. Yako ya futi 1,900 imethaminiwa kwa 168, yaani 319,200. Kwa 155 ingekuwa 294,500. Kwa ile jumla ya dola 2.10 tuliyoichukua mwanzoni, tofauti hiyo ya 24,700 ni karibu dola 519 kwa mwaka.

Tahadhari mbili. Usichague nyumba za bei ya chini peke yake, maana mthamini ana orodha ileile na ataleta ulizoziruka. Ukiweka ndani moja au mbili zilizo juu, jedwali lako linaaminika. Na utumie safu ya thamani ya soko, si ile yenye kikomo. Jirani aliyekaa miaka 20 anaweza kutozwa kwa 190,000 kwa sababu ya kikomo cha asilimia 10. Ukimleta huyo kama mfano, bodi itakuambia kwamba hiyo ni nafuu yake ya kisheria, na itaanza kulitilia shaka jedwali zima.

Baada ya kupinga, kaunti nyingi hukupa nafasi ya kuzungumza na mthamini kabla ya bodi, kwa simu au mtandaoni, na nyingine hukutumia pendekezo la thamani mpya kwenye akaunti yako. Mazungumzo haya huokoa muda. Ila hapa hatupatani bei kama Kariakoo: usianze na tarakimu ya chini kupita kiasi ili mkutane katikati. Taja thamani ambayo jedwali lako linaitetea, mtumie jedwali, kaa kimya asome. Akirudi na pendekezo linalokaribia lako, likubali. Akirudi na punguzo la dola elfu tatu kwenye ushahidi wa ishirini na tano, likatae kwa heshima na uende bodi. Ukisaini umemaliza, mwaka huo hauna mjadala tena.

Bodi ya mapitio ni wakazi wa kaunti, si waajiriwa wa ofisi ya tathmini, na kwa kawaida utakutana na jopo la watu watatu. Unaweza kufika mwenyewe, kuzungumza kwa simu au video, au kutuma ushahidi kwa hati ya kiapo. Kama hujamteua wakala, una haki ya kuahirisha mara moja bila kutoa sababu. Wengi wanaogopa Kiingereza chao. Nenda na kijana wako akutafsirie, lakini uwaarifu mapema. Na ukitaka mtu azungumze badala yako, kuna fomu ya kumteua wakala ambayo lazima iingie kabla ya siku hiyo. Peleka nakala za kila karatasi kwa wajumbe wote na kwa mthamini.

Muda ni mfupi, mara nyingi kama robo saa kwa pande zote mbili. Wapo wanaoumaliza wakieleza kwamba kodi imepanda mno, kwamba wamestaafu, kwamba bima nayo imepanda, kwamba wana watoto watatu chuoni. Mama mmoja niliyekaa naye kujiandaa alikuwa na maneno haya yote tayari, ya kweli na ya kuumiza. Nilimwambia, "Mama, hawa hawana mamlaka juu ya kiwango cha kodi, wala hawaruhusiwi kuangalia mfuko wako. Wanaruhusiwa kuangalia jambo moja: nyumba hii ilikuwa na thamani gani Januari 1." Tukayaweka pembeni. Akaingia na jedwali, picha sita na makadirio ya fundi. Alisema jina lake, akataja thamani anayoomba katika sentensi ya kwanza, akaeleza ushahidi mmoja baada ya mwingine, akarudia thamani ile, akamaliza. Walimshushia, si yote aliyoomba, lakini sehemu kubwa.

Ni vizuri pia kujua nani amebeba mzigo wa kuthibitisha. Kisheria ni ofisi, si wewe. Na kama nyumba haizidi dola milioni 1, ukiwasilisha ripoti rasmi ya mthamini mwenye leseni angalau siku 14 kabla ya kusikilizwa, mzigo wao unakuwa mzito zaidi. Ripoti hiyo hulipiwa mamia ya dola, hivyo ifikirie tu pale tofauti inapokuwa kubwa.

Hofu ninayoisikia mara nyingi kuliko zote ni hii: nikilalamika si wataniongezea? Hapana. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2019, bodi haina ruhusa ya kuweka thamani iliyo juu ya ile ambayo ofisi iliipendekeza. Mabaya yanayoweza kukupata ni kurudi nyumbani na thamani ileile. Na kwa wanaohofia uhamiaji: ofisi ya tathmini kazi yake ni thamani za mali. Haishughuliki na hilo.

Kampuni zinazopinga kwa niaba yako zipo nyingi, na hulipwa sehemu ya kilichookolewa. Kwa mwenye kazi mbili asiye na jioni hata moja, si uamuzi mbaya. Zinatakiwa ziwe zimesajiliwa na Texas Department of Licensing and Regulation, hakikisha. Kisha usome kwa makini zaidi mahali pamoja kwenye mkataba: je, malipo yao yanahesabiwa kwa kodi iliyopungua kweli, au kwa thamani ya soko iliyoshuka? Ukikumbuka ule mfano wa 340,000 na kikomo cha 286,000, utaona kwa nini aina ya pili inaweza kukudai ada kwa akiba ambayo hukuiona. Angalia pia kama mkataba unajirudia wenyewe kila mwaka.

Bodi ikikataa, amri yake itakuja kwa maandishi na una siku 60 za kukata rufaa. Mahakama ya wilaya ipo, lakini kwa nyumba ya kawaida ya kuishi njia ya usuluhishi kupitia ofisi ya mdhibiti wa fedha wa jimbo ni nafuu zaidi: kwa homstedi isiyozidi dola 500,000 unaweka amana ya dola 450, na msuluhishi akiamua thamani iliyo karibu na yako kuliko ya bodi, unarudishiwa isipokuwa dola 50. Mimi ningeitumia pale tu ambapo kodi inayobishaniwa inaizidi amana hiyo kwa mbali. Ukishinda katika ngazi yoyote, hifadhi amri hiyo, kwa sababu ofisi ikitaka kukupandishia mwaka unaofuata inatakiwa kuwa na ushahidi mzito kuliko wa kawaida.

Viwango vyenyewe hupangwa baadaye, Agosti na Septemba, katika vikao vya hadhara vya bodi za shule, miji na kaunti. Kilio cha kustaafu, bima na watoto chuoni kina mahali pake huko, na hapo unaruhusiwa kusimama na kukisema. Kwa sheria iliyopitishwa 2019, mji mkubwa au kaunti ikitaka mapato yake ya uendeshaji kutoka mali zilizokuwapo yaongezeke kwa zaidi ya asilimia 3.5, lazima iwaulize wapiga kura. Vikao hivi huwa havina watu wengi. Ukienda na majirani watano wa mtaa mmoja, mtasikika.

Bili huanza kutumwa Oktoba. Ikifika, usiangalie jumla peke yake. Angalia kama thamani ni ile mliyokubaliana na kama homstedi, miaka 65 au ulemavu umeandikwa. Kasoro ya msamaha inarekebishwa na ofisi ya tathmini, si na mpokea kodi, kwa hiyo piga simu huko. Siku ya mwisho ya kulipa ni Januari 31, hata kama usuluhishi au kesi bado inaendelea. Februari peke yake huongeza asilimia 7 ya adhabu na riba. Mwenye miaka 65 anaweza kulipa kwa awamu, au kuahirisha kodi ya makazi yake kwa hati ya kiapo, deni likikua kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe au irithiwe. Ni vyema watoto wajulishwe kabla mzee hajasaini. Na kama benki ndiyo inayokulipia, ipelekee nakala ya amri ya bodi na uiombe kwa maandishi ipige upya hesabu ya akiba ya kodi. Isipoombwa, hesabu ya zamani inaweza kuendelea kukukata hadi mapitio yao ya mwaka ujao.